Mtoto wa kupakata

Kwenye vifodi, yaani daladala, vinavyopanda na kushuka kati ya Arusha mjini, Tengeru na Usa River kuna kanuni ambayo hakuna aliyeibandika ukutani lakini kila konda anaijua: mtoto wa kupakata halipi nauli. Mama hapewi siti mbili, hatozwi mara mbili, na gari linaondoka. Kanuni hiyo ina huruma ndani yake, maana bila hiyo mama mwenye watoto wawili angebaki kituoni. Lakini pia imeshaamua mtoto akae wapi, na uamuzi huo haukuishia kwenye daladala. Familia ikipata gari lake, iwe IST, Raum au Noah, inahamia humo na desturi ile ile: baba kwenye usukani, mama mbele, mtoto mapajani mwa mama. Ndiyo maana kila mjadala kuhusu usalama wa watoto garini unapoanzia kwenye bei ya kiti cha mtoto, naona tumeanzia hatua ya pili. Ya kwanza tumeiruka. Mtoto hajahesabiwa kuwa abiria, na asiyehesabiwa hatengewi siti, wala mkanda, wala mstari kwenye sheria.

Mapaja yanaaminika kwa sababu kazi nyingine zote za mikono ya mzazi tumeziona zikifaulu. Mkono unaomzuia mtoto asiangukie moto unaonekana unatosha kumzuia asigonge dashibodi. Tuichukue hesabu yenyewe. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria maeneo ya makazi, likagonga kitu kisichosogea, pua yake hujikunja kama nusu mita na kusimama katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndani ya muda huo, mtoto wa kilo 10 anavuta kwenda mbele kwa nguvu inayokaribia kilo 200, yaani mifuko minne ya simenti. Hakuna mikono ya binadamu inayobeba hivyo, na hata ingekuwapo, muda wa kukaza misuli haupo. Kama mama amefunga mkanda, mkanda utambakisha yeye na mtoto ataponyoka. Kama hakufunga, mwili wake wa kilo 60 utamfuata mtoto kwa nyuma na kumbana dhidi ya dashibodi au siti ya mbele. Na kama wamezungushiwa mkanda mmoja wote wawili, jambo ambalo wazazi wengi makini hufanya wakiamini wameongeza usalama, uzito wote wa mama unapita kwenye tumbo la mtoto kupitia mkanda huo. Mpangilio wowote uutakao wa mapaja na mkanda unaishia hapo. Kanga ya mgongoni nayo ni hivyo hivyo: kinachogonga kwanza hutegemea tu mama ameegemea upande gani.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinakwenda sambamba na hesabu hiyo. Mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa dereva na abiria wa mbele kwa takribani nusu, na kwa abiria wa nyuma kwa takribani robo. Kiti cha mtoto kilichofungwa ipasavyo kinaweza kupunguza vifo vya watoto kwa hadi asilimia 60, na kwa wachanga faida huwa kubwa zaidi. Shirika hilo pia linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa mji uliozika wanafunzi wake wengi kwa mara moja, hilo halihitaji kuelezwa. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la shule ya msingi Lucky Vincent lililotoka Arusha na watoto wa darasa la saba waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima Karatu lilitumbukia bondeni Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walinusurika. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa waombolezaji. Hakuna mkanda unaofuta mteremko kama ule, na kudai kwamba mikanda ingewaokoa wote kungekuwa kuwakosea heshima wafiwa. Ila ajali ya gari kubiringika ndiyo hasa inayomtenganisha aliyefungwa na asiyefungwa, kwa kuwa asiyefungwa hurushwa ndani ya gari, au hutupwa nje kabisa. Na katika kesi iliyofunguliwa baadaye mahakamani Arusha, miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuzidisha abiria. Watoto wakizidi siti, hata mikanda ikiwepo haiwezi kuwatosha.

Sheria yetu nayo ililelewa katika desturi ya kupakata. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, wakati Arusha ilipokuwa mji mdogo wenye magari ya kuhesabika, na suala la mkanda katika sheria hiyo limejengwa juu ya dereva na anayekaa naye mbele. Kiti cha mtoto hakikuwa akilini mwa walioiandika. Asasi mbalimbali, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania kikiwa miongoni mwao, zimekuwa zikipigania marekebisho kwa miaka mingi, na kiti cha mtoto na mkanda wa siti ya nyuma zimekuwa hoja za kudumu katika madai yao. Matokeo ya pengo hilo yanaonekana barabarani. Trafiki anaangalia mbele. Dereva anayetoka Ngaramtoni anauvuta mkanda akiona shati jeupe kwa mbali, wengine wanautandaza tu begani bila kuuchomeka, na huko nyuma watoto watatu wamesimama kati ya siti wakichungulia kioo cha mbele. Faini ya shilingi 30,000 imetufundisha kuuona mkanda kama jambo la askari. Yuko hata anayenunua kibati cha kuchomeka kwenye kifungio ili gari liache kupiga kelele, halafu anaendesha akiwa ameukalia mkanda.

Kuna jambo la kushangaza kidogo katika hili, nalo linahusu historia ya magari yenyewe. Japani imewalazimisha madereva kutumia kiti cha mtoto kwa walio chini ya miaka sita tangu Aprili 2000. IST ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 2002. Maana yake, IST iliyoegeshwa leo pale Kijenge au Sakina, kama huko ilikotoka ilimbeba mtoto mdogo, sheria ilimtaka akae kwenye kiti chake. Imevuka bahari, imefika Arusha, na siti ile ile sasa imekaliwa na mizigo huku mtoto akiwa mapajani. Mikanda ya nyuma ilikuja nayo. Iko wapi? Aghalabu iko chini ya kava. Fundi wa kava za siti hunyoosha ngozi bandia yake vizuri, anampendeza mteja, na vifungio vya mikanda vinabaki chini, kati ya kalio la siti na mgongo wake. Kuvitoa kunahitaji kupenyeza vidole na wakati mwingine kuchana mshono. Baadhi ya magari hayo yana hata vyuma vya ISOFIX vya kunasia kiti cha mtoto katika mwanya huo huo, na kwa magari mapya ya Japani vimekuwa vya lazima tangu 2012. Mwenye gari anaweza kukaa nalo miaka mitano bila kujua. Nikiulizwa mtu aanze na nini wikiendi hii bila kutumia hata shilingi, jibu ni hilo: fukua mikanda ya nyuma, ivute hadi mwisho uone kama inarudi, kisha uivute ghafla uone kama inakaza.

Hapo ndipo inapokuja hoja nzito kuliko zote, ya bei. Kiti kipya chenye alama ya ubora ni fedha nyingi kwa kipato cha kawaida cha mwalimu au mwendesha bajaji, na sitaki kujifanya siioni. Lakini hoja hii hutumiwa kufunga mjadala wakati inahusu sehemu tu ya watoto. Mtoto wa miaka kumi hahitaji kiti cha bei. Anahitaji siti yake ya nyuma na mkanda. Wa miaka mitano au sita anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda upite panapostahili, na hicho ni rahisi kuliko vyote. Kinachoangaliwa ni mkanda wa chini ulale juu ya nyonga, usiwe tumboni, na wa juu upite katikati ya bega, usiguse shingo. Mkanda ukikaa tumboni, siku ya ajali unaweza kupasua utumbo na kuumiza uti wa mgongo, na ndiyo sababu watoto hushauriwa kuinuliwa hadi wafikie urefu wa sentimita 135 au zaidi. Mto wa kochi au blanketi lililokunjwa havifanyi kazi hiyo, kwa kuwa hubonyea na mtoto huteleza chini ya mkanda. Kumpitishia mkanda wa juu chini ya kwapa ili usimkere ni kuuondoa nusu. Hata hivyo, ikiwa kiti cha kuinulia hakipo, mkanda peke yake nyuma unashinda mapaja mbele. Anayebaki kuwa na hitaji la kiti kamili ni yule wa kuanzia kuzaliwa hadi miaka minne hivi, na huyo ndiye ambaye jamii, ukoo na kanisa huchangia kwa moyo kwenye ubatizo na sherehe ya arobaini. Mchango wa sherehe moja Njiro ungenunua kiti, ukabaki.

Wengi watakimbilia mitumba, na hili linahitaji majibu ya wazi kuliko yale ya vitabu vya Ulaya, ambavyo husema tu usinunue kiti usichokijua historia yake. Ushauri huo ni sahihi kwa nchi ambako kipya kipo duka la jirani. Kwetu mtu analinganisha kiti cha mtumba na mapaja. Maoni yangu ni kwamba kiti kilichotoka kwa ndugu au rafiki anayeweza kuapa kwamba hakijawahi kuwa kwenye ajali ni bora kuliko cha sokoni, na cha sokoni kinakubalika tu kikipita ukaguzi mkali. Kigeuze chini juu. Tafuta lebo: viti vya Ulaya huwa na kibandiko cha rangi ya chungwa chenye maneno ECE R44 na, kama ni kizuri, tarakimu 04 mwanzoni mwa namba yake; kiwango kipya zaidi kinaitwa R129 nacho hupanga watoto kwa urefu. Angalia tarehe iliyogongwa kwenye plastiki. Angalia ufa, hasa kwenye kona na pale mikanda inapopita. Chomeka na kuchomoa kifungio mara kadhaa. Ikikosekana lebo, au mkanda mmoja umeshonwa upya na fundi cherehani, kiache hapo hapo. Kiti cha namna hiyo kinamtuliza mzazi tu.

Ukishakipata, epuka makosa mawili. La kwanza linatokana na baridi, na linahusu Arusha kuliko Dar es Salaam. Juni hadi Agosti, upande wa Ilboru, Sekei na vijiji vya juu vya Meru, mtoto hutoka nyumbani amevaa sweta juu ya sweta, koti na shuka. Mikanda ya kiti ikifungwa juu ya unene huo inaonekana imekaza, kumbe imekaza koti. Ajali ikitokea koti linasinyaa na mtoto anatoka. Mfunge akiwa na nguo nyepesi, kaza hadi ushindwe kufinya utepe wa mkanda penye bega kwa vidole viwili, halafu mfunike shuka kwa juu. La pili linahusu mfuko wa hewa. Mtoto mchanga anapaswa kuelekezwa nyuma, mgongo ukitazama mbele ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito kwa shingo yake na kiti kinabeba mshtuko kwa mgongo wote. Sweden, ambako Bertil Aldman alianza kulifanyia kazi wazo hilo miaka ya 1960, watoto wengi hukaa hivyo hadi kufikia miaka minne. Lakini kiti cha namna hiyo kikiwekwa siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, mfuko ukifumuka unagonga mgongo wa kiti kwa nguvu ya kuua. Onyo hilo limebandikwa kwenye kizuia jua cha magari yetu mengi. Limeandikwa Kijapani.

Wapo wanaosema mkanda utawanasa watoto gari likizama au kuwaka moto, na kwa Arusha hoja hii ina uchungu mpya. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na mafuriko hapa mjini na watoto wakapoteza maisha. Siwalaumu wazazi wanaoogopa. Lakini takwimu za Marekani, ambako ajali hurekodiwa kwa undani, zinaonyesha ajali za moto au maji hazifiki moja katika kila mia mbili zenye majeruhi. Na hata katika hizo, anayetoka ni yule ambaye bado ana fahamu baada ya kishindo cha kwanza. Kifungio hufunguka kwa kubonyeza mara moja. Kinachomwokoa mtoto na mafuriko ni dereva kukataa kuvuka maji yanayopita juu ya barabara, na uamuzi huo haugusi mkanda hata kidogo. Kuhusu kauli kwamba ajali haina kinga, nitasema tu kwamba wanaoitumia wanafunga geti usiku.

Hoja ya safari fupi inastahili kuangaliwa kwa sababu inatoka kwa watu makini: shule iko kilomita mbili, barabara ni ya vumbi, gari haliwezi hata kuzidi 30. Ni kweli kwamba mwendo mdogo hupunguza madhara. Tatizo ni kwamba dereva anachagua mwendo wake peke yake; lori linaloteremka nyuma yake halikuulizwa. Februari 2024, pale Ngaramtoni kwenye barabara ya Namanga, lori lililofeli breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Na njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru zimebadilisha mambo: barabara iliyokuwa ya foleni sasa inamruhusu mtu kukimbia, halafu ghafla kuna kivuko, mzunguko, ng'ombe. Mzazi wa Moshono au Kisongo haiti safari ya mjini kuwa safari, ila gari lake linapita humo kila siku.

Na wale wasio na gari? Hapa ndipo kanuni ya konda inaporudi kuwa kiini cha suala, kwa kuwa watoto wengi wa Arusha wanasafiri kwa vifodi, bajaji na toyo, yaani pikipiki, na kuwaambia mama zao wanunue viti ni dhihaka. Daladala nyingi hazina mikanda nyuma, na nyingine zina siti za ziada zilizochomelewa mtaani. Toyo inayobeba watoto watatu wa chekechea, mmoja juu ya tangi, haina namna yoyote ya kufanywa salama. Ila nchi hii ilishaonyesha kwamba idadi ya abiria inaweza kusimamiwa. Wakati wa Corona mwaka 2020 tuliambiwa level siti, yaani kila abiria akae na asiwepo wa kusimama, na kwa muda daladala zikaenda hivyo, makonda wakilalamika, abiria wakikaa. Mantiki ile ilihusu virusi. Kwa mtoto wa shule anayelipa shilingi 200 na ambaye konda anamwona kama hasara, mantiki ile ile ingempa siti. Najua mwenye gari atauliza nani afidie, na ni swali halali ambalo LATRA, mamlaka inayopanga nauli, inalazimika kulijibu kwenye hesabu za nauli badala ya kuliacha limalizwe mlangoni mwa gari kati ya konda na mtoto wa miaka saba.

Uwezo wa kufanya haya upo mjini hapa hapa. Kampuni za utalii za Arusha huulizwa na wateja kuhusu viti vya watoto kabla malipo hayajafanyika, na madereva wake wanajua kuvifunga kwenye Land Cruiser kwa ajili ya familia inayokwenda Tarangire. Magari ya mashirika ya kimataifa hayaondoki kabla kila mkanda haujafungwa, nyuma ikiwamo. Dereva huyo huyo akitoka kazini, wanawe wanapakatwa. Ujuzi anao, kinachokosekana nyumbani kwake ni mtu mwenye mamlaka ya kuuliza.

Mahali ambapo mwenye mamlaka hayo yupo tayari ni kwenye mabasi ya shule binafsi, na ndipo ningependa juhudi za mkoa huu zianzie. Kule mzazi si abiria wa kubahatisha. Amelipia usafiri kwa muhula, ana risiti, ana kikao cha wazazi. Gari limepakwa njano na linafahamika. Haihitaji kusubiri Bunge libadilishe sheria ya 1973 ili kikao kikubaliane kwamba hakuna mtoto anayepanda bila siti yake, kwamba siti zina mikanda na mtu mzima wa ndani ya gari anaikagua kabla dereva hajaachia breki, na kwamba ada ya usafiri itapanda kidogo kulipia ruti ya pili. Baadhi watagoma kwa hilo la ada. Waanze na hatua isiyo na gharama: idadi ya abiria imeandikwa kwenye kadi ya gari, orodha ya watoto wa kila ruti iko kwa mhasibu wa shule, na mzazi yeyote anaweza kuomba kuona karatasi hizo mbili pamoja.